Marie Curie: jina lake limo ndani ya mawe ya Kolwezi

Katika mgodi wa Musonoi, karibu na mji wa Kolwezi, hutoka jiwe la kijani kibichi lenye miiba myembamba kama sindano. Wakusanyaji wa mawe wa Ulaya na Marekani hulitafuta sana. Wataalamu huliita kuprosklodovskiti. Jina hilo linasumbua ulimi, lakini ukilivunja unakuta ndani yake vitu viwili: shaba, na ukoo wa msichana mmoja wa Polandi, Maria Skłodowska. Jiwe lilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1933, kutokana na vipande vilivyopatikana Kalongwe, katika Lualaba hii hii. Ndani yake mna uraniumu. Wakati huo Maria alikuwa bado hai, mama mzee aliyechoka, na dunia nzima ilikwisha kumjua kwa jina la bwana yake: Marie Curie.

Hakuwahi kukanyaga ardhi ya Kongo. Hata hivyo kazi yake, umaarufu wake na hata dawa iliyotokana na uvumbuzi wake vilifungamana na udongo wa Katanga kuliko wasomi wengi wa hapa wanavyofundishwa shuleni.

Alizaliwa Warsaw tarehe 7 Novemba 1867, mtoto wa tano na wa mwisho wa walimu wawili. Polandi wakati huo haikuwa nchi. Sehemu ya Warsaw ilitawaliwa na mfalme wa Urusi, na shuleni watoto walilazimishwa kusoma kwa Kirusi. Walimu wengine waliwafundisha Kipolandi kwa siri, na mkaguzi alipoingia, vitabu vilifichwa haraka. Msomaji aliyewahi kuadhibiwa shuleni kwa kusema lugha ya nyumbani kwao ataelewa mara moja. Dada yake mmoja alikufa kwa homa ya tifasi, na Maria alipokuwa na miaka 10 tu, mama yake akafa kwa kifua kikuu. Baba yake, mwalimu wa hesabu na fizikia, alibaki na watoto wanne na mshahara mdogo.

Maria alimaliza sekondari akiwa wa kwanza, lakini chuo kikuu cha Warsaw hakikupokea wanawake. Yeye na dada yake Bronia wakaingia katika masomo ya siri, ambayo walimu waliyafanya nyumbani kwa watu, leo hapa, kesho pale, ili polisi wasiwakamate. Kisha wakafanya mapatano. Bronia angekwenda Paris kusomea udaktari, na Maria angefanya kazi ya kulea na kufundisha watoto wa matajiri ili amtumie makuta. Bronia akimaliza, angemvuta mdogo wake. Maria alikaa miaka kadhaa katika kijiji cha Szczuki, kwa familia yenye mashamba. Huko, jioni, aliwafundisha watoto wa wakulima kusoma Kipolandi, jambo ambalo lingeweza kumpeleka gerezani. Huko pia kijana wa nyumba alimpenda, wakataka kuoana, lakini wazazi wa kijana wakakataa: hawakutaka mtumishi awe mkwe wao. Ajabu ni kwamba aliendelea kufanya kazi katika nyumba ile ile baada ya aibu hiyo, kwa sababu Bronia alihitaji karo.

Mwaka 1891 zamu yake ilifika. Alikuwa na miaka 24 alipoingia Sorbonne, Paris, na huko akaanza kujiandika Marie. Aliishi katika chumba kidogo cha juu kabisa, penye baridi kali, akila mkate na chai siku nyingi. Mwaka 1893 alipata diploma ya fizikia akiwa wa kwanza wa darasa, na mwaka uliofuata diploma ya hesabu akiwa wa pili.

Mwaka 1894 alikutana na Pierre Curie, mtaalamu wa fizikia mpole, asiyependa vyeo. Waliooana Julai 1895 katika mji wa Sceaux, bila padri na bila karamu kubwa, na kwa makuta ya zawadi wakanunua baiskeli mbili. Nguo ya arusi ilikuwa ya bluu nzito. Marie aliichagua hivyo ili aweze kuivaa maabarani baadaye.

Wakati huo fizikia ilikuwa inatikisika. Mwishoni mwa 1895 Mjerumani Röntgen aligundua mionzi ya eksirei, ile ya kupigia picha za mifupa. Mwaka 1896 Mfaransa Henri Becquerel aliona kwamba chumvi za uraniumu hutoa mionzi zenyewe, bila jua na bila umeme. Watu wengi walikimbilia eksirei. Marie alichagua mionzi ya uraniumu, kwa sababu hakuna aliyekuwa anaihangaikia, na kwa sababu Pierre na kaka yake Jacques walikuwa wametengeneza chombo cha kupimia umeme mdogo sana. Kwa chombo hicho angeweza kupima mionzi kwa namba, badala ya kuikisia kwa madoa kwenye karatasi ya picha.

Hapo ndipo akili yake ilipoonekana. Alipima kila jiwe alilolipata. Aliona kwamba nguvu ya mionzi inafuata tu kiasi cha uraniumu kilichomo. Ukilichoma jiwe, ukilisaga au ukililowesha, mionzi haibadiliki. Kwa hiyo mionzi ilitoka ndani ya atomu yenyewe, wakati ambapo wasomi wengi bado waliiona atomu kama punje ngumu isiyo na kitu ndani. Kisha akapima jiwe jeusi zito liitwalo pechiblendi. Lilitoa mionzi mingi kuliko uraniumu safi. Alipima tena na tena, akidhani amekosea. Mwishowe akakubali kwamba ndani ya jiwe hilo mlijificha kitu kingine, kidogo sana na kikali sana. Pierre aliacha utafiti wake mwenyewe akaja kumsaidia. Julai 1898 walitangaza poloniumu, iliyopewa jina la nchi isiyokuwepo kwenye ramani, na Desemba mwaka huo huo wakatangaza radiumu.

Kutangaza ni jambo moja, kuonyesha ni jambo lingine. Wanakemia walitaka kuona radiumu yenyewe. Waliobaki kufanya kazi hiyo ni mke na mume katika kibanda kibovu cha shule moja ya Paris, paa linavuja, bila bomba la kutoa moshi. Mabaki ya pechiblendi yalitoka mgodi wa Joachimsthal, katika milki ya Austria, yakifika kwa magunia yaliyochanganyika na majani ya misonobari. Marie alichemsha tani kadhaa za mawe hayo, kilo 20 kwa mara moja, akikoroga kwa fimbo ya chuma yenye urefu kama wake. Mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye tanuru za Lualaba anajua kazi hiyo inavyouma mgongo na kuchoma kifua. Ilimchukua karibu miaka minne kupata sehemu moja ya kumi ya gramu. Usiku walirudi kibandani kutazama chupa zao ziking'aa gizani. Mikono yao ilikuwa tayari imeungua.

Mwaka 1903 Marie alipata udaktari wa sayansi, na mwaka huo huo tuzo ya Nobel ya fizikia, pamoja na Pierre na Becquerel. Jina lake lilitaka kuachwa nje. Waliopendekeza kutoka Ufaransa waliandika wanaume wawili tu, na ni profesa mmoja wa Sweden aliyempasha Pierre habari, naye Pierre akadai mke wake awemo. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata.

Kabla ya hapo walikuwa wamefanya uamuzi ambao unafaa kujulikana sana katika nchi ya madini. Wenye viwanda waliwaandikia wakitaka kujua njia ya kutoa radiumu ndani ya mawe. Wangeweza kuandikisha haki ya uvumbuzi na kulipwa kwa kila gramu itakayotolewa duniani. Walikataa. Waliona radiumu ni elementi ya asili, na kwamba ikiwa inaweza kutibu wagonjwa, hawana haki ya kuwauzia ufunguo wake. Wakaandika njia yote hadharani, hatua kwa hatua. Njia hiyo iliyotolewa bure ndiyo viwanda vya baadaye vilivyoianzia, pamoja na kile kilichokuja kutumia mawe ya Katanga.

Tarehe 19 Aprili 1906, siku ya mvua, Pierre aliteleza barabarani Paris na kukanyagwa na gari zito la farasi. Marie alibaki na watoto wawili, Irène wa miaka 8 na Ève ambaye hajatimiza miwili. Alikataa pensheni ya mjane. Sorbonne ikampa kazi ya mume wake, na Novemba mwaka huo alifundisha somo lake la kwanza, mwanamke wa kwanza kufundisha hapo. Ukumbi ulijaa watu waliotaka kuona machozi. Yeye alianza palepale ambapo Pierre alikuwa ameachia.

Mwaka 1911 ulikuwa mgumu kuliko yote. Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ilimkataa kwa kura chache sana. Baadaye magazeti yakafichua urafiki wake na Paul Langevin, mtaalamu wa fizikia mwenye mke, na umati ukazingira nyumba yake ukimtukana kama mgeni na mharibifu wa ndoa. Katikati ya kelele hizo alipewa Nobel ya pili, ya kemia, kwa poloniumu na radiumu. Mmoja wa wakubwa wa Sweden alimshauri asije kuipokea. Alikwenda. Kisha akaugua kwa miezi mingi.

Vita ya 1914 ilimkuta akiwa na jengo jipya, Taasisi ya Radiumu ya Paris, ambalo wafanyakazi wake walikuwa wameondoka kwenda mstari wa mbele. Aliibeba radiumu yake kwenye sanduku zito la risasi hadi Bordeaux, akarudi, akatafuta motokari na mashine za eksirei. Aliweka mashine ndani ya motokari, akajifunza kuendesha, akaenda hospitali za vitani pamoja na Irène aliyekuwa na miaka 17. Motokari hizo zilifika karibu 20, na vituo vya kudumu 200 hivi. Askari zaidi ya milioni moja walipigwa picha ili daktari ajue risasi iko wapi kabla ya kukata.

Baada ya vita, mgunduzi wa radiumu hakuwa na makuta ya kununua radiumu. Gramu moja iliuzwa zaidi ya dola 100,000. Mwandishi wa habari Mmarekani, Marie Meloney, aliona aibu hiyo akawachangisha wanawake wa Marekani. Mei 1921 Rais Harding alimkabidhi Marie gramu moja, iliyotolewa katika mawe ya Colorado. Usiku wa kuamkia siku hiyo alidai hati ibadilishwe: gramu iwe mali ya maabara, isije ikawa urithi wa binti zake.

Wakati Wamarekani wanachanga, gunia za mawe mazito zilikuwa zinaanza kutoka Katanga. Mwaka 1915 mtafuta madini Mwingereza, Robert Sharp, aligundua uraniumu Shinkolobwe, si mbali na Likasi ya leo. Kampuni ya Union Minière, mama wa Gécamines, ilinyamaza hadi vita vipite. Jiwe la Shinkolobwe lilikuwa na utajiri ambao Colorado na Joachimsthal hazikuwahi kuuona. Wafanyakazi Wakongomani walilichimba na kulichagua kwa mikono, likasafirishwa kwa treni na meli hadi Olen, Ubelgiji, ambako radiumu ya kwanza ilipatikana mwaka 1922. Bei ilishuka hadi kama dola 70,000 kwa gramu, na migodi ya radiumu ya Marekani ikafungwa. Ili kuelewa kazi iliyomo: kwa tani 3 za uraniumu, radiumu ni gramu moja hivi tu.

Mtaalamu wa mawe wa Ghent, Alfred Schoep, aliyachunguza mawe hayo ya Katanga na kukuta aina ambazo sayansi haikuwa inazijua. Moja aliiita kuriti mwaka 1921, kwa ukoo wa Curie. Nyingine, mwaka 1924, akaiita sklodovskiti, kwa jina la Marie kabla ya ndoa. Ile ya kijani ya Kalongwe ni ndugu yake yenye shaba. Waliozitoa ardhini hawakupewa jiwe hata moja lenye jina lao.

Mwaka 1929 Marie alirudi Marekani kutafuta gramu ya pili, hii kwa ajili ya taasisi ya kansa ya Warsaw, katika Polandi iliyokwisha pata uhuru. Rais Hoover alimpa hundi ya dola 50,000, na safari hii radiumu ilinunuliwa Ubelgiji kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu. Radiumu ya Ubelgiji ilitoka Katanga. Taasisi ilifunguliwa mwaka 1932, chini ya uongozi wa Bronia, yule dada wa mapatano ya zamani. Kwa hiyo wagonjwa wa Warsaw walitibiwa kwa mionzi ya jiwe la Shinkolobwe, na pengine hakuna mtu Likasi aliyejulishwa.

Kwa wanawake wenye kansa ya matiti, radiumu ilibadilisha jambo kubwa. Kabla yake, madaktari wengi walifuata upasuaji mzito ulioenezwa na Mmarekani William Halsted: kuondoa titi lote, misuli ya kifua na tezi za kwapani. Mama aliyepona alibaki na mkono uliovimba na kifua kilichobomolewa. London, katika miaka ya 1920, daktari Geoffrey Keynes alianza kuchomeka sindano ndogo zenye radiumu ndani na kuzunguka uvimbe, akiliacha titi mahali pake. Aliwafuatilia wagonjwa kwa miaka, na katika miaka ya 1930 alionyesha kwamba maisha yao hayakuwa mafupi kuliko ya wale waliokatwa vikali. Wenzake wengi walimpuuza. Ilichukua miaka mingi kabla ya tiba kukubali kwamba kuondoa uvimbe peke yake na kutumia mionzi kunaweza kutosha kwa wagonjwa wengi.

Hata swali la mwanzo wa ulimwengu liliguswa na kazi ya Marie. Mwaka 1931 padri Mbelgiji wa Louvain, Georges Lemaître, aliandika kwamba ulimwengu wote ungeweza kuwa umeanza kama atomu moja kubwa iliyopasuka na kugawanyika, kama atomu za radiumu zinavyovunjika. Wazo hilo ndilo moja ya mizizi ya nadharia ya mlipuko mkuu.

Lakini mionzi iliyokausha uvimbe iliharibu pia miili mizima, na hapa Marie anastahili lawama kidogo. Alibeba chupa za radiumu mifukoni, aliziweka kwenye droo. Huko Marekani, wasichana waliopaka namba za saa kwa rangi ya radiumu, wakinyoosha brashi kwa midomo, walianza kuoza taya na kufa katika miaka ya 1920. Katika maabara yake mwenyewe, watu waliugua. Aliagiza wapimwe damu na watoke nje kupata hewa safi, ila kwa muda mrefu hakutaka kukubali kwamba mtoto wake, radiumu, anaua. Macho yake yaliingia ukungu akapasuliwa mara kadhaa, na alificha jambo hilo. Tarehe 4 Julai 1934 alikufa katika sanatoriumu ya Sancellemoz, milimani Ufaransa, kwa upungufu mkali wa damu: mifupa yake haikuweza tena kutengeneza chembe za damu. Mwaka 1995 mwili wake ulipohamishiwa Panthéon, waliopima jeneza walikuta radiumu si nyingi kama walivyohofia, wakaona kwamba eksirei za wakati wa vita huenda zilimdhuru zaidi.

Irène na mume wake Frédéric Joliot walipata Nobel yao mwaka 1935. Mwaka 1939 Joliot alijadiliana na Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, juu ya uraniumu ya Katanga. Vita ikawatangulia. Sengier alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe ya Shinkolobwe New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayachukua kwa ajili ya bomu. Irène mwenyewe alikufa mwaka 1956 kwa kansa ya damu.

Hospitalini radiumu iliachia nafasi chuma kingine ambacho Kolwezi inakijua sana. Kobalti ya kawaida ikiwekwa ndani ya mtambo wa nyuklia hugeuka kobalti 60, yenye mionzi mikali, na tangu 1951, kule Kanada, ilianza kutumika kutibu kansa kutoka nje ya mwili. Ilikuwa rahisi kuliko radiumu, na mashine zake bado zinafanya kazi katika nchi nyingi.

Upande wa pili wa habari hii uko karibu zaidi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga: kobalti na uraniumu vilikuwa juu. Mwaka 2018 walichapisha vingine, vya mtaa wa Kasulo, Kolwezi, ambako watu walichimba visima vya kobalti ndani ya viwanja vyao. Watoto ndio waliokuwa na kobalti nyingi zaidi, na chembe zao za urithi zilionyesha dalili za kuharibika.

Daftari za Marie Curie zinahifadhiwa Paris ndani ya masanduku ya risasi, na anayetaka kuzisoma lazima kwanza atie sahihi kwamba anajua hatari. Radiumu iliyomo ndani ya karatasi zake itapungua kufikia nusu baada ya miaka 1,600. Kolwezi, mtu akiokota jiwe lenye sindano za kijani au vumbi la njano juu ya kobalti, hakuna karatasi ya kutia sahihi. Wachimbaji wengi hulitia ndani ya gunia moja na mengine, na gunia hulala usiku ndani ya nyumba, pamoja na watoto.